Linux ya Mama Akeyo

Kuna watu wanaopiga taipu, halafu kuna Aluoch. Mama huyu, Mjaluo wa Kisumu aliyefuata mume Kampala, kisha akabaki na Kampala mume alipoamua kubaki na mwingine, alikuwa na duka la kuchapa barua pale Nakawa, ng'ambo ya soko, na katika miaka ishirini na miwili ya kazi hakuwahi hata siku moja kuangalia kibodi. Msinibishie. Chuo alichosomea ukarani, mwalimu alikuwa akiwafunika wanafunzi mikono kwa kitambaa, na anayechungulia anapigwa rula ya vidole. Wenzake walipomaliza chuo walitupa vitambaa vyao. Aluoch alibaki na chake. Akiingia mteja mgeni, Aluoch anakunjua leso, anafunika mikono na kibodi pamoja, anamkazia mtu macho usoni na kumwambia, "Haya, sema." Barua inatoka imenyooka, haina kosa, na mteja keshasahau nusu ya alichotaka kusema.

Kibodi yenyewe, kwa kutwangwa hivyo miaka nenda miaka rudi, ilikuwa imekwisha herufi zote. A hakuna, M hakuna, ni vitufe vyeusi vitupu vinang'aa. Kwa Aluoch haikuwa shida. Macho yake yaende huko kufanya nini?

Sasa, mwaka ule wa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, bintiye wa pekee, Akeyo, alikuwa anaolewa na kijana wa Kiacholi aitwaye Olanya. Kijana mzuri, mpole, hana neno. Mwenye neno alikuwa mama yake. Mama Olanya, jina lake Anena, alikuwa karani wa serikali mpaka alipostaafu, na aliizoea mbele. Mbele kanisani, mbele kwenye picha, mbele kwenye foleni ya benki. Nanyi mnajua harusi za Kampala zilivyo na mikutano. Kwenye mkutano wa tano likaja suala la kadi, na mama Olanya akatangaza kwamba kadi zitachapwa na kaka yake, mwenye mashine kubwa mjini.

Aluoch akasimama. "Yawa! Mimi ni mama wa bibi harusi, kazi yangu ni kuchapa, halafu kadi za mwanangu zichapwe na mtu mwingine? Watu watasema nimekufa."

Wakabishana mpaka soda zikaisha. Ukumbi waliopata kule Luzira, karibu na ziwa, ulikuwa unaingiza watu mia mbili tu, na mwenye ukumbi hataki kusikia habari ya mia mbili na mmoja. Basi wakakubaliana hivi: mwenye kuchapa kadi ndiye atakayeandika majina ya wageni juu yake. Aluoch achape yeye, lakini Ijumaa tarehe ishirini na nane Mei, saa sita mchana, kadi zote mia mbili ziwe mezani. Zikipungua hata kumi, kazi yote na orodha yote inakwenda kwa mama Olanya.

Hapo ndipo palipokuwa na roho ya Aluoch, kwa sababu keshawaahidi watu. Kwaya yote. Kina mama wa maombi. Wakenya wote wa pale sokoni, pamoja na wale asiopatana nao, ili wakaone. Jumla walikuwa watu mia moja na thelathini. Mama Olanya akiishika orodha, hao wote wataisikia harusi redioni, na Aluoch atakaa kwenye harusi ya mwanawe katikati ya makarani wastaafu asiowajua hata majina. Wazo hilo lilikuwa linamharibia hata chai.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo, kompyuta ikafa.

Haikufa kwa uzee. Iliuawa. Mteja mmoja alileta flashi yenye barua ya kuomba kazi na virusi vya kutosha ukoo mzima. Barua ikachapwa, mteja akaenda zake, virusi vikabaki. Kila folda ikageuka kishale, ukibonyeza kishale kinazaa kishale kingine. Aluoch akafanya kile wanachofanya watu wote wa Windows wakishikwa na woga: akaipiga rifreshi. Akarifreshi mara kumi na tano, huku anaomba. Kufika saa nane skrini ikawa ya buluu, kisha nyeusi, kisha hakuna tena.

Akampigia simu Pitshou. Pitshou Mushagalusa alikuwa fundi kutoka Bukavu, mrefu, mtaratibu, mwenye mkoba wa waya ambao haujulikani mwanzo wala mwisho. Jumanne asubuhi akafika kutoka kwake Kasubi, akaifungua mashine, akatikisa kichwa.

"Mama, mafaili yako ntayaokoa. Lakini hii Windows wataiua tena juma lijalo. Wateja wako ndio wagonjwa. Tutie Linux. Virusi vya Windows vikiingia mule vinakosa chakula."

"Linux ndiyo nini?"

Pitshou akatoa CD yenye picha ya ndege mweusi, mnene, mwenye tumbo jeupe.

"Huyu ndege anaruka?" Aluoch aliuliza.

"Haruki, mama."

"Na bei yake?"

"Ni ya bure kabisa."

"Pitshou, katika Kampala nzima kitu cha bure ni vumbi."

Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja mbio, na hakuwa na la kuchagua. Akamwambia atie. Pitshou akakaa, akainua mikono, akaishusha tena. Akaiinamia kibodi kama mtu anayetafuta sindano.

"Mama, hii klavie haina ata herufi moja. Nitaandika wapi?"

"Andika kwa vidole kama watu wengine."

Pitshou hakuweza. Yeye ni fundi wa kuangalia. Akarudi mpaka Kasubi, akaja na kibodi yake mwenyewe aliyotoka nayo Bukavu, imefungwa ndani ya taulo, akaichomeka. Akatia CD ya ndege. Mashine ikaanza kumuuliza maswali: uko nchi gani, saa zako ngapi, klavie yako ni ya namna gani. Pitshou akayajibu yote upesi upesi, kwa mazoea, bila kutua. Mwisho ikataka neno la siri, na Aluoch akamnong'oneza sikioni: maranatha. Kufika jioni kazi ikawa imekwisha. Mafaili yapo. Printa, ambayo Windows ilikuwa inaidai CD yake kila mwezi, Linux ikaitambua papo hapo bila kuuliza. Aluoch akapiga makofi. Pitshou akachomoa kibodi yake, akaifunga taulo, akamchomekea mama ile ya vitufe vyeusi, akazima mashine, akaenda.

Jumatano saa mbili asubuhi, Aluoch akawasha. Ndege akatokea. Mashine ikadai neno. Aluoch akatandaza leso, akaandika maranatha.

Umekosea.

"Mimi?" alisema Aluoch.

Akaandika tena. Umekosea. Akaandika polepole, kidole kwa kidole, kama anamlisha mtoto. Umekosea. Miaka ishirini na miwili hakuna binadamu aliyemwambia Aluoch amekosea kuandika, na sasa anaambiwa na kitu cha bure.

Abudu, mzee wa Kinubi aliyekuwa akishona viatu mlangoni pake, akachungulia. "Mama Akeyo, hii mashine iko na kichwa ngumu. Labda haitaki maneno ya kanisa. Jaribu bismillahi."

Alijaribu. Msimwambie mchungaji wake, lakini alijaribu. Umekosea.

Pitshou akaitwa. Akaja na taulo lake, akachomeka kibodi yake, akaandika maranatha huku anachungulia kila herufi, na mashine ikafunguka mara moja.

"Mama, inafunguka."

"Inafunguka kwako!"

"Neno ni lilelile."

"Kwa hiyo unasema mimi sijui kuandika maranatha? Nimezaliwa katika maranatha!"

Pitshou akasema hasemi hivyo. Aluoch akajutia sauti yake, akamlazimisha anywe chai, na chai ya Aluoch haiishi haraka. Linux hii ilikuwa na tabia: usipoigusa kwa dakika kumi inajifunga na kudai neno upya. Walipomaliza chai Pitshou akafunga kibodi yake, akaondoka, na Aluoch alipogeuka, ndege huyoo, anadai neno. Umekosea. Umekosea. Pitshou akaitwa tena akiwa njiani. Akarudi, akafungua, na kabla hajachomoa waya umeme ukakatika mtaa mzima. Uliporudi, yeye alikuwa Luzira kwenye kazi nyingine.

Jioni hiyo Aluoch alifunga duka bila hata kadi moja. Kina mama wa maombi walipopata habari, mmoja akasema wazi kwamba mashine inayokataa maranatha na kumkubali Mkongo ina jambo ndani yake. Aluoch akamkatalia, maana Pitshou mwenyewe anaimba besi kanisani kwao. Lakini nyumbani alikaa muda mrefu akiiangalia orodha yake ya watu mia moja na thelathini.

Alhamisi Pitshou akapita mapema, akafungua, akachomeka ya mama, akakimbia kabla ya chai. Safari hii Aluoch hakupoteza wakati. Akafungua mahali pa kuandikia. Na hapohapo nani anaingia mlangoni? Mama Olanya, mkoba mkononi, uso wa mkaguzi.

"Nimepita tu kuona kazi inavyokwenda, mkwe wangu."

"Karibu, mkwe wangu. Utaona kwa macho yako."

Aluoch akatandaza leso. Akamkazia mkwe wake macho, akatabasamu, na vidole vikaanza kunguruma chini ya kitambaa. Alikuwa anapiga kwa madaha, shingo imenyooka, anamwangalia mwenzake waziwazi. Mama Olanya yeye alikuwa anaangalia skrini.

"Hiyo ni lugha gani?" akauliza.

Aluoch akageuka. Skrini ilikuwa imeandikwa hivi:

Tunqzqqlikq kzenye hqrusi yq Qkeyo nq Olqnyq; Ju,q,osi tqrehe &ç

Lakini Aluoch si mtu wa kukubali mbele ya mkwe. "Ah, hiyo," akasema. "Hii ni kompyuta ya kisasa. Asubuhi inaanza kwanza na lugha yake yenyewe, inapasha moto. Ikishapata moto itaandika Kiswahili."

"Na kesho saa sita itakuwa imepata moto?"

"Itakuwa inachemka."

Mama Olanya akaisoma tena ile Qkeyo, taratibu, akafunga mkoba wake kwa kishindo kidogo. "Nitamwambia kaka yangu asafishe mashine," akasema, "kwa usalama tu." Akaondoka amejaa furaha, na wala hakujisumbua kuificha.

Aluoch akakaa. Akataka kulia, na machozi yalikuwa karibu kabisa. Kisha hasira ikayatangulia. Akaitupa leso pembeni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akainama, akaiangalia kibodi. Haikuwa na herufi hata moja, kwa hiyo haikumsaidia. Basi akaanza kubonyeza kitufe kimoja kimoja, anaangalia kinachotoka. Kile cha kidole kidogo cha kushoto, chake cha A tangu ujana, kikatoa q. Akapanda kitufe cha juu yake. Kikatoa a.

"Abudu! Abudu njoo! A imehamia ghorofani!"

Akaendelea kuchimba. W na Z zimebadilishana nyumba. M imetoroka safu ya chini, imekwenda kukaa kulia kabisa mwa L. Namba hazitoki mpaka uzishikie kitufe cha herufi kubwa. Na pale, katikati ya huo uchunguzi, Aluoch akaelewa kila kitu. Au alidhani ameelewa. Amewasikia wasomi wangapi wakisema Linux ni ngumu, Linux si ya kila mtu? Kumbe ugumu wenyewe ndio huu! Wamehamisha herufi! Windows wana mpangilio wao, Linux wana wao, na Pitshou, mtu mpole, aliona aibu kumwambia mama mtu mzima kwamba itabidi ajifunze upya.

"Sawa," akasema Aluoch. "Nilijifunza nikiwa na miaka kumi na tisa kwa rula. Nitajifunza leo bila rula."

Shida ilikuwa moja: asingeweza kuiacha ijifunge. Akamwita Abudu ndani, akampa kiti na kipanya. "Nikiamka kwenda popote, wewe tikisa hiki. Usibonyeze. Tikisa." Abudu akakitikisa kwa kisigino cha kiatu alichokuwa anakishona, mkono mwingine una sindano, na kazi zake zote mbili zikaenda vizuri.

Aluoch akajifungia katika mazoezi. Alichukua nyimbo za kwaya, akaziandika kwa sauti, anaimba ubeti, anapiga ubeti. Mwanzo vidole vilikataa. Vilikuwa vinarudi kwenye A ya zamani kila anaposahau, naye anajizaba kofi la mkono na kuanza upya. Wateja walikuja, wakamkuta anaimba na kujipiga, wakaenda duka la pili. Saa tisa alikuwa anakosea neno moja katika matano. Saa kumi, moja katika ishirini. Saa kumi na moja akaifunga mashine kwa makusudi, akatandaza leso, akamwambia Abudu asogee.

Maranatha.

Ikafunguka.

Mayowe aliyopiga Aluoch yalisikika mpaka wanapouzia viazi. Akamkumbatia Abudu pamoja na kiatu. Akacheza pale kati ya printa na kabati, mama mzima, na alikuwa na haki ya kucheza. "Naijua Linux!" akawaambia waliokuja kuona kama amevamiwa. "Siku moja tu! Wanaume wanaisoma chuoni miaka mitatu!"

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi alikuwa kitini. Kadi ikatoka nzuri, na maua pembeni, na Akeyo ni Akeyo. Akaanza majina, kwaya kwanza. Zinatoka nne nne kwenye karatasi moja, Abudu anazikata kwa kisu chake cha ngozi, zimenyooka kuliko za kiwandani. Kufika saa nne na nusu walikuwa na kadi mia moja na arobaini, na karatasi ngumu zimekwisha. Aluoch akavaa kandambili, akamwambia Abudu atikise, akatoka kwenda kununua nyingine.

Pitshou akafika nyuma yake.

Maskini Pitshou. Alikuwa hajalala vizuri siku mbili kwa kuifikiria ile mashine, na asubuhi hiyo, akiwa anapiga mswaki, ndipo lilipomjia. Klavie! Siku ile alipoulizwa klavie yako ni ya namna gani, alijibu ya Kifaransa, ambayo herufi zake zimepangwa vingine, kwa kuwa yake ni ya Kifaransa, kama zote za kwao Kongo. Akaondoka na klavie yake, akaiacha mashine inaamini bado iko Bukavu. Ndiyo maana yeye anafungua na mama hafungui. Alikuja mbio, amejaa aibu, akamkuta Abudu anatikisa kipanya. Abudu aliambiwa atikise, hakuambiwa azuie watu. Pitshou akashika kipanya, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akatoa Kifaransa akaweka Kiingereza. Dakika moja. Akasimama kando ya meza, mikono nyuma, akingoja kushukuriwa.

Aluoch akaingia na karatasi, akamsalimia, akaketi. Saa tano kamili. Akatandaza leso, akapiga jina la mgeni aliyefuata, akaagiza printa ichape. Karatasi ikatoka. Abudu akainua kisu, akasita.

"Mama," akasema Abudu, "huyu Ju;q ni nani?"

Aluoch akaangalia. Alikuwa ameandika Juma. Akafuta, akaandika tena. Ju;q. Akaandika Akeyo. Qkeyo. Akamgeukia Pitshou polepole.

"Umefanya nini?"

"Nimetengeneza, mama!" Pitshou alisema, anatabasamu kwa meno yote. "Kosa lilikuwa langu. Niliweka klavie ya Kifaransa. Sasa iko sawa, kila herufi imerudi pahali pake, kama zamani."

"Nani alikutuma kutengeneza?"

"Mama?"

"Rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Rudisha ilivyokuwa mbovu! Rudisha sasa hivi!"

Pitshou akamtazama Abudu. Abudu akashona kiatu. Ikabidi Aluoch aeleze, kwa kelele, jinsi alivyojifunza Linux siku nzima, na Pitshou akaeleza, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba ile haikuwa Linux. Linux haina neno na herufi za mtu. Ile ilikuwa Ufaransa.

"Kwa hiyo mimi," Aluoch akasema, "jana kutwa nilikuwa najifunza Kifaransa?"

"Klavie yake tu, mama."

Ilimuuma. Nisiwadanganye, ilimuuma sana, maana alikuwa ametangazia soko zima. Lakini saa ya ukutani ilikuwa inasema saa tano na dakika kumi, bado kadi sitini, na vidole vyake sasa vilikuwa vya Bukavu. Kuvirudisha Kisumu ni siku nyingine nzima.

"Pitshou mwanangu," akasema, "aibu yangu nitaishughulikia baada ya harusi. Rudisha."

"Mama, mimi ni fundi. Nikiacha mashine na kosa ninalolijua, watu wataniona ya namna gani?"

"Na mimi nikiwakosesha harusi watu wangu, wataniona ya namna gani?"

Pitshou alikubali kama mtu anayeambiwa avunje nyumba aliyoijenga. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akairudisha Ufaransa. Aluoch akapasua hewa na vidole, akashuka juu ya majina. Leso ilikuwa inaruka. Pitshou akapanga karatasi, Abudu akakata, hakuna aliyesema neno isipokuwa kutaja idadi. Saa sita kasoro dakika saba, kadi ya mia mbili ikaanguka mezani ingali na joto.

Saa sita kamili mama Olanya akaingia, na karatasi yake ndefu mkononi. Akazihesabu kadi zote mwenyewe, mara mbili, analamba kidole. Zilikuwa mia mbili. Akayasoma majina. Akafika kwenye kwaya, akashusha pumzi.

"Mkwe wangu, kazi nzuri," akasema. "Lakini watu wangu ni sabini tu humu. Haiwezekani. Kuna hawa ishirini lazima waingie, tutatoa hao waimbaji wa nyuma. Usijisumbue, nipishe hapo niandike mwenyewe. Nimepiga taipu serikalini miaka thelathini, na mimi pia siangalii."

Na kabla Aluoch hajajibu, keshakalia kiti. Akanyoosha mgongo. Akapiga jina la kwanza kwenye karatasi yake, la dadake Alal, haraka, kwa ufundi wa kweli kabisa.

Qlql.

Akafuta. Akapiga tena. Qlql. Akajaribu jina lake mwenyewe. Qnenq. Akaivuta kibodi karibu ili aangalie, akakuta vitufe vyeusi vitupu, vinang'aa.

"Mashine yako haijapata moto?" akauliza, na sauti yake haikuwa ya mbele tena.

Pitshou akafungua mdomo kueleza. Aluoch akamkanyaga mguu.

"Imepata," akasema. "Ni Linux, mkwe wangu. Si ya kila mtu."

Akamnyanyua taratibu, akakaa yeye, akaandika: Alal. Herufi nne, safi. Mama Olanya akaiangalia skrini, akaangalia mikono ya mkwe wake, akaangalia orodha yake ya watu ishirini ambao hakuna awezaye kuwaandika katika chumba kile isipokuwa mtu mmoja. Hata Pitshou alikuwa ameacha kibodi yake Kasubi.

Raha aliyoisikia Aluoch wakati ule hakuwahi kuisikia hata siku ya harusi yake mwenyewe. Hakuificha. Alikaa vizuri, akaweka vidole tayari.

"Alal ni dada yako wa tumbo moja, huyo sawa, nitamtoa mtu wa sokoni," akasema. "Sasa taja wa pili. Na uniambie ni nani kwako, nione kama anafaa."

"Wa pili alikuwa bosi wangu."

"Huyo hapana. Wa tatu?"

Mama Olanya akaikunja karatasi yake, akaikunjua. Katika mikutano yote mitano, tangu posa mpaka siku hiyo, kulikuwa na neno moja ambalo hakuna aliyewahi kulisikia likitoka kinywani mwake.

"Wa tatu ni mama aliyenilelea Olanya nikiwa kazini," akasema. "Muandike huyo. Tafadhali."

Aluoch alikuwa amesikia vizuri sana, na jina la mama huyo angeliandika hata bila kuombwa. Lakini akainamisha kichwa, akaweka mkono sikioni.

"Umesemaje, mkwe wangu?"

"Tafadhali," akarudia mama Olanya, kwa sauti iliyomfikia hata Abudu kule mlangoni.